Gombea, Mdogo Wangu, Lakini Kazi Itangulie Kiti

Mdogo wangu wa Soweto West, ujumbe wako nimeupata. Unasomea uuguzi, uko mwaka wa pili, na chama cha wanafunzi wa uuguzi chuoni kwenu kinachagua viongozi muhula huu. Unatamani kugombea. Marafiki wamekwambia uchukue umakamu kwa sababu uenyekiti “huwa ni wa wavulana”. Mama amesema siasa haitaki nyumbani kwake. Wewe mwenyewe unahofia kwamba huna pesa za fulana wala mabango, na kwamba wenzako wanaolala hosteli wakijua unarudi Kibera kila jioni watakudharau. Unaniuliza ugombee au uache.

Gombea. Nalisema mapema ili tusizunguke. Yaliyobaki ni namna ya kugombea, na hayo nataka tuyaongee leo na wengine wote mnaonisoma, wa Kibera, wa Kawangware na kwingineko, mnaosomea famasia, sheria, uhandisi, maabara au uhasibu. Karibu kila taaluma ina chama chake cha wanafunzi, na kila mwaka viti vyake vinachukuliwa na wale waliojitokeza tu, siyo lazima wale waliofaa.

Tuanze na mama, kwa sababu kampeni haiendi ukiwa umenuniana na nyumbani. Mama yako hakukosea kuogopa. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, Kibera iliwaka. Soko la Toi liliteketea. Reli iling’olewa. Majirani waliokuwa wakiazimana chumvi walihama usiku wakiwa na magodoro kichwani, na kote nchini walikufa zaidi ya watu 1,100. Wewe ulikuwa mtoto mchanga au hujazaliwa, yeye alikuwa mtu mzima mwenye watoto wa kulinda. Aliyepita hapo hawezi kusikia mtoto wake anagombea akapiga vigelegele. Na baada ya hapo ameona chaguzi nyingine, ameona vijana wa mtaani wakipewa mia mbili wakarushe mawe, ameona waheshimiwa wakipotea mpaka miaka mitano iishe. Kwake yeye hiyo ndiyo siasa, na hakuna aliyemwonyesha nyingine.

Basi usimjibu kwamba mambo ya siku hizi hayajui. Mpelekee katiba ya chama chenu. Mtajie viti vilivyopo, mwambie kura zinapigiwa wapi, nani anazihesabu, muhula wa uongozi ni wa muda gani. Kisha muulize swali moja: kwenye kikundi chenu cha akina mama, nani anashika daftari, na mlimpataje?

Naliuliza hilo kwa sababu Jumapili moja alasiri nilikaribishwa na kikundi kimoja hapo hapo Soweto West. Viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa kwenye kiwanja kidogo cha ploti, kamba za nguo zimesogezwa pembeni. Katikati palikuwa na kasha la chuma lenye kufuli tatu, na funguo zake ziko kwa wanawake watatu ambao si viongozi. Katibu alisoma kumbukumbu za mkutano uliopita. Aliyechelewa alitozwa faini kabla hajaketi. Mweka hazina akahesabu pesa kwa sauti, noti juu ya noti, na mwisho hesabu ikapungua shilingi hamsini. Hakuna aliyepiga kelele wala kumwita mwenzake mwizi, lakini pia hakuna aliyeinuka. Daftari lilirudiwa mstari kwa mstari mpaka ikaonekana kwamba faini ya mama mmoja iliandikwa na haikutolewa. Yule mama akafungua fundo la leso, akalipa, mkutano ukafungwa kwa sala.

Hao ni wanawake wanaouza omena, wanaofua nguo za watu, wanaofanya kazi za nyumbani mitaa ya Kilimani na Lavington. Wanachagua viongozi wao, wanawapima, na wakiwaona hawafai wanawaondoa bila jiwe kurushwa. Mama yako huenda amepiga kura za namna hiyo miaka mingi kuliko umri wako. Mwambie kwamba unachogombea wewe kinafanana zaidi na kikundi chake kuliko na vile alivyoviona barabarani. Nadhani atakusikia. Na akikubali, mwombe akufundishe kusoma daftari la hesabu, maana viongozi wengi wa wanafunzi huingia ofisini wakiwa hawajawahi kushika daftari la aina yoyote.

Sasa chama chenyewe. Wengi wenu mnachanganya chama cha kitaaluma na baraza la wanafunzi wa chuo kizima. Baraza ndilo linalozungumzwa redioni, na ndilo lililoguswa na Sheria ya Vyuo Vikuu ilipofanyiwa marekebisho mwaka 2016, yaliyoleta mtindo wa wajumbe kuchagua viongozi kwa niaba ya wenzao. Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na SONU, siku hizi kina UNSA. Humo mna vyama vya kisiasa, makundi, na pesa kutoka nje. Chama cha kitaaluma ni kidogo, hakina kelele, na kina katiba yake chenyewe na mlezi ambaye kwa kawaida ni mhadhiri wa idara. Wengine wanakidharau kwa udogo huo. Mimi naona ndiyo heri yake. Ndani ya chama kidogo unaweza kumaliza jambo moja likaonekana. Tena unafahamiana na watu utakaofanya nao kazi miaka thelathini ijayo. Yule mnayebishana naye leo kuhusu ada ya uanachama atakuwa ndiye msimamizi wa wodi unapotaka kubadilishana zamu.

Na mlango wake hauishii getini kwa chuo. Wanafunzi wa udaktari wa Kenya wana chama chao cha kitaifa, MSAKE, ambacho ni mwanachama wa IFMSA, shirikisho la dunia lililoanzishwa mwaka 1951. Barani Afrika wana shirikisho lao, FAMSA, lililoanza mwaka 1968. Wanafunzi wa famasia wana IPSF tangu mwaka 1949. Kupitia mashirika kama hayo wanafunzi hubadilishana nafasi za mafunzo kati ya nchi na nchi. Mtoto wa Gatwekera, hapo Kibera, anayeongoza tawi la chuoni kwake anaweza kujikuta ameketi mezani na mwenzake wa Khartoum au wa Lisbon, wakijadili kitu kile kile. Msikubali kuambiwa ni mchezo wa watoto.

Kiti gani, basi? Hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi ya popote. Usianze na kiti. Anza na kazi, kisha tafuta kiti ambacho kazi hiyo hufanyika.

Tuchukue jambo unalolijua wewe. Mwanafunzi wa uuguzi huingia wodini mapema katika masomo yake. Anadunga sindano, anatoa damu, anabeba taka zenye ncha kali, mkono bado unatetemeka. Akijidunga na sindano iliyotumika, ana saa 72 za kuanza dawa za kujikinga na virusi vya Ukimwi, na kila saa inayopita inapunguza nguvu ya kinga hiyo. Homa ya ini aina ya B nayo huenea kwa njia hiyo hiyo, ila yenyewe ina chanjo. Kenya iliiingiza katika chanjo za watoto wachanga mwaka 2001, kwa hiyo baadhi yenu mlichanjwa mkiwa watoto. Lakini nani ana kadi ya kuthibitisha? Zetu ziliyeyuka kwenye mafuriko, au zilichomekwa juu ya mabati zikaliwa na panya. Asiyejua hali yake huingia wodini akibahatisha.

Sasa sikiliza wagombea watakaosimama mbele ya darasa. Mmoja atasema, “Nitaboresha maslahi ya wanafunzi.” Watampigia makofi na hakuna atakayekumbuka alisema nini. Wewe sema hivi: “Kabla darasa la mwaka wa kwanza halijaingia wodini, nataka kila mmoja awe na kadi ya chanjo ya homa ya ini B au ajue hali yake. Dozi ni tatu: ya kwanza, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu mwezi wa sita. Muhula wetu wa uongozi ni mwaka mmoja. Tukianza mwezi wa kwanza, tunamaliza tukiwa bado ofisini. Tukichelewa mpaka muhula wa pili wa masomo, tutawaachia wenzetu dozi nusu.” Umeona tofauti? Umetaja ugonjwa, umetaja muda, na umewapa wenzako kipimo cha kukupimia. Kisha kaa chini. Dakika tatu zinatosha.

Lakini usiseme hayo kabla hujaenda kuuliza. Nenda ofisi ya afya ya chuo ujue wanatoa nini na kwa bei gani. Muulize mlezi wa chama kama jambo hilo liliwahi kujaribiwa na likakwamia wapi. Muulize muuguzi anayesimamia udhibiti wa maambukizi hospitalini mnakofanyia mafunzo. Huenda ukakuta kilichokosekana muda wote ni barua tu, na orodha ya majina. Kazi hiyo unaweza hata kuianza wiki hii, hujachaguliwa na mtu. Ukishaiona kazi hivyo, kiti chake kinajitaja chenyewe: pengine ni ukatibu, kwa sababu katibu ndiye anayeandika barua, pengine ni uhazina, pengine uenyekiti.

Ndiyo maana umakamu wa zawadi sikutakii. Marekebisho yale ya 2016 yaliagiza mwenyekiti na makamu wa baraza la wanafunzi wawe wa jinsia tofauti, na nia ilikuwa njema. Sheria haikusema mwanamume ndiye atangulie. Sisi wenyewe tumeizoea hivyo mpaka imekuwa kama desturi: wavulana wanapanga safu yao, wakifika mwisho wanatafuta msichana mwenye tabasamu la kujazia picha ya bango. Mimi niliwahi kuitwa kwenye mkutano wa namna hiyo nikiwa mwanafunzi. Viti vyote vilikuwa vimeshagawanywa, nikaambiwa nimebakishiwa changu. Nilishukuru, nikaondoka, nikachukua fomu ya uhazina. Umakamu ni kiti cha heshima kikiwa na kazi ndani yake. Fungua katiba usome makamu anafanya nini. Ikiwa imeandikwa tu kwamba “atamsaidia mwenyekiti”, muulize anayekupa kiti hicho ni msaada gani, na akuandikie.

Tuje kwenye hesabu, ambayo wagombea wengi huiachia Mungu. Pata orodha ya wanachama waliolipa ada, maana katiba nyingi huwaruhusu hao tu kupiga kura, na zina tarehe ya mwisho ya kulipa. Tarehe hiyo ikipita wafuasi wako hawajalipa, umeshindwa kabla ya kampeni. Soma pia masharti ya mgombea: mara nyingi hutakiwi kuwa na somo ulilofeli wala kesi ya nidhamu. Kisha jiulize wapigakura wako wapi siku ya kura. Chukua mfano wa chama chenye wanachama 240. Themanini wako kwenye mafunzo ya vitendo nje ya Nairobi, huko Machakos, Kakamega na Garissa. Wengine wametoka zamu ya usiku na wamelala fofofo. Hosteli zinazofanyiwa kampeni kila jioni zina watu labda 90. Waliobaki ni wale wanaokuja asubuhi na kuondoka jioni, wanaolala Kangemi, Githurai, Kayole, Kawangware 46, na Soweto West.

Hao ndio wasiotembelewa na mgombea yeyote. Kampeni huanza saa mbili usiku, saa ambayo wao wako kwenye foleni ya magari wakisubiri nauli ishuke, au wanatembea. Wewe ndiye mwenzao. Unajua zamu ikiisha usiku mtu anafikaje nyumbani, na njia ipi haipitiki baada ya saa tatu. Unajua kusoma kwa mshumaa stima ikipotea siku tatu, na kuandika kazi ya darasa kwenye simu kwa sababu bando la kompyuta halipo. Hapo tayari pana ajenda: ratiba ya zamu itazame wanaoishi mbali, na mafundisho ya ziada yasipangwe usiku peke yake. Wale walio mafunzoni nje ya mji nao wapigie simu mmoja mmoja, kisha umwandikie msimamizi wa uchaguzi mapema umuulize watapigaje kura. Swali hilo likija wiki moja kabla ya uchaguzi litaonekana ni fitina. Likija miezi miwili kabla, ni kazi ya kiongozi.

Hili linanirudisha kwenye hofu yako ya anwani. Kuna watakaokushauri ufiche kwamba unatoka Kibera, useme unakaa “upande wa Ngong Road”. Na kuna watakaokushauri uitangaze sana, ueleze njaa na mabati, ili wakuonee huruma wakupe kura. Yote mawili nayakataa kwa moyo wangu wote. Ukificha, siku moja atatokea mtu wa mtaani akusalimie kwa jina la nyumbani mbele ya watu, na utamkana nani? Ukiomba huruma, utaipata, na huruma haimpi mtu kiti cha kushika pesa za watu. Watu humhurumia mtu wakampa msaada, uongozi wakampa mwingine. Sema unakotoka kama unavyosema jina lako, kisha uendelee na ulichokuja kusema. Soweto West imekufundisha mambo ya kazi. Hayo ndiyo uyapeleke.

Pesa sasa, na hapa nitakuwa mkali. Usiguse mkopo wa masomo wa HELB kwa ajili ya kampeni. Usimkope mama. Mabango ya rangi na fulana havijawahi kumfanya mtu awe katibu mzuri. Andika ukurasa mmoja, uusambaze kwenye makundi ya WhatsApp ya madarasa, uchapishe nakala chache ubandike panaporuhusiwa. Nguvu nyingine zote ziende kwenye kuongea na watu wawili watatu kila siku, kwenye foleni ya chai, nje ya chumba cha kubadilishia nguo wodini, kwenye matatu za Olympic zinazokurudisha Kibera. Waulize kinachowasumbua na uandike. Mtu uliyemsikiliza dakika tano anakukumbuka kuliko aliyepewa soda.

Na ikitokea mtu wa nje akajitolea kukulipia kila kitu, mheshimiwa fulani au mtu wake, kataa kwa adabu. Hakuna anayelipia kampeni ya chama cha wanafunzi kwa mapenzi ya uuguzi. Atakuja kudai: jina la chama kwenye mkutano wake, wanafunzi waliovaa makoti meupe wa kupanga nyuma yake. Hapo utakuwa umewauza wenzako kwa bei ya fulana.

Kuna deni jingine ambalo wasichana hudaiwa na wavulana hawadaiwi. Atakuja kaka wa mwaka wa nne, mwenye ushawishi, akwambie kura za darasa lake ziko mfukoni mwake, mkutane chumbani kwake jioni mpange mikakati. Mkutane kantini, saa nane mchana, na rafiki yako awepo. Akisema hawezi kuongea mbele ya watu, basi hakuwa na la kuongea. Ukitukanwa kwenye makundi, na utatukanwa, maana msichana anayegombea huulizwa analala na nani kabla ya kuulizwa atafanya nini, usijibu kwa matusi. Piga picha ya ujumbe huo kwenye skrini, hifadhi na tarehe, peleka kwa mlezi na kwa ofisi ya mkuu wa wanafunzi. Na waambie marafiki zako wawili wakusomee makundi hayo wao, wewe usiyasome usiku.

Siku ya kura uwe na wakala mahali zinapohesabiwa. Wakenya tumejifunza thamani ya karatasi: Mahakama ya Juu ilipofuta uchaguzi wa urais tarehe 1 Septemba 2017, namna matokeo na fomu zake zilivyosafirishwa ilikuwa kiini cha kesi. Jambo la nchi nzima linahusu chama chenu pia. Dai orodha ya wapigakura ibandikwe mapema. Kura zikipigwa kwa fomu ya intaneti, ulizeni ni nani mwenye nenosiri, na kila mmoja anazuiwaje asipige mara mbili. Matokeo yaandikwe kwenye karatasi moja, mawakala wote watie sahihi, kila mgombea apewe nakala. Lidai hili kabla hujajua kama umeshinda, tena kwa niaba ya wagombea wote. Anayedai haki baada tu ya kushindwa hasikilizwi.

Utashindwa? Huenda. Wangari Maathai aligombea uenyekiti wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya mwaka 1979, mwaka ambao ndoa yake ilivunjika mahakamani, na akashindwa kwa kura tatu. Kura tatu, dada. Hakutoka barazani. Alichaguliwa kuwa makamu mwenyekiti, akafanya kazi, na mwaka uliofuata akagombea tena. Ilipoonekana atashinda, Maendeleo ya Wanawake, shirika lililokuwa kubwa kuliko yote humo na ambalo kiongozi wake alikuwa karibu na Rais Moi, lilijitoa, na baraza likabaki karibu bila pesa. Wangari akachaguliwa bila mpinzani kuongoza nyumba tupu. Aliiongoza mpaka mwaka 1987.

Nataka uone mpangilio wa mambo hayo. Upandaji miti uliokuja kujulikana dunia nzima kama Green Belt Movement aliuanza kupitia baraza hilo hilo mwaka 1977, miaka miwili kabla ya kugombea uenyekiti. Tayari alikuwa na kazi, na kiti kilifuata. Kura tatu zilimnyima cheo kwa muda, miti hazikuing’oa. Ukishindwa na kazi yako ya kadi za chanjo ikaendelea, ukampongeza aliyeshinda na kumpa ile orodha uliyokwisha kuiandika, wanafunzi wa mwaka wa kwanza watachanjwa vile vile. Na mwaka ujao hutahitaji kujitambulisha.

Ukishinda, mambo mawili kabla hujapiga picha. La kwanza, usipokee ofisi kwa maneno. Waliotangulia wakupe taarifa ya hesabu, daftari, orodha ya mali, na barua ya kubadilisha watia sahihi wa akaunti benki. Kikikosekana kimoja, kiandikwe kwamba kimekosekana, mlezi ashuhudie. Deni la waliokutangulia usipoliandika siku ya kwanza, kufika siku ya thelathini litakuwa lako. La pili, linda masomo yako. Kiongozi wa wauguzi anayefeli mitihani ya uuguzi atawasaidia nani? Gawa kazi, weka kamati, na mikutano iwe na saa ya kuisha.

Na wale mnaosema vyama hivi havina uzito, tazameni wanasheria. Raychelle Omamo alikuwa mwanamke wa kwanza kuongoza Chama cha Mawakili cha Kenya, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Baada yake zilipita zaidi ya miaka ishirini ndipo akapatikana wa pili, Faith Odhiambo, aliyechaguliwa Februari 2024 baada ya kuwa makamu wa rais wa chama hicho. Mawakili waliompigia kura mwezi huo hawakujua kwamba Juni ingekuja na maandamano ya kupinga Mswada wa Fedha, vijana wakamatwe, wengine watekwe nyara, na familia zizunguke vituo vya polisi zikitafuta watoto wao. Ilipofika, chama kilikuwa na kiongozi aliyesimama, kikatuma mawakili vituoni na mahakamani. Huchagui kiongozi kwa ajili ya siku ya karamu. Wanafunzi wenzako nao hawajui ni tatizo gani litaingia wodini mwaka ujao, na wanastahili kuwa na mtu ambaye amezoea kuuliza, kuandika na kudai.

Basi dada, fanya hivi. Fomu zikitoka, chukua yako siku ya kwanza, usingoje ya mwisho. Tafuta wapendekezaji wawili, mmoja wa darasa lako, mwingine aliye mafunzoni mbali na Nairobi, ikiwa katiba inaruhusu. Kabla ya hapo nenda ofisi ya afya ukaulize habari ya chanjo, uandike jibu walilokupa. Jioni mpelekee mama katiba, mkae nayo. Nawe msomaji mwingine ambaye uchaguzi wa chama chako unakuja, omba orodha ya wanachama wiki hii na ulipe ada yako kabla ya tarehe kufungwa. Niandikieni mkishajaza fomu, mniambie ni kiti gani na ni kazi gani.